Kununua nyumba Zanzibar ukiwa si Mzanzibari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua mahali

Naishi Unguja, na sehemu kubwa ya siku zangu huenda kwa watu wanaotafuta nyumba hapa: Wakenya na Waganda, ndugu zetu wa Muscat na Dubai, na watoto wa Wazanzibari waliohamia Uingereza na Canada ambao sasa wana pasipoti za huko. Karibu wote huja na picha ya nyumba kwenye simu, sebule na jiko na bwawa la kuogelea. Nyumba hurekebishika. Mahali hapahami, kwa hiyo maswali ya hapa chini yanahusu mahali.

Mimi si Mzanzibari. Naweza kununua popote nitakapopapenda?

Hapana, na ni vizuri ulijue hili kabla hujaanza kuzunguka na dalali. Ardhi ya Zanzibar iko chini ya Serikali tangu Mapinduzi ya 1964, na sheria ya ardhi ya 1992 inawapa Wazanzibari haki ya kuimiliki kwa matumizi. Mgeni ana njia mbili kubwa. Moja ni kukodishwa ardhi kwa mkataba wa muda mrefu, usiozidi miaka 99, kwa uwekezaji unaopitia ZIPA, yaani Mamlaka ya Ukuzaji Vitega Uchumi Zanzibar. Ya pili ndiyo inayowafaa wengi wanaotaka makazi tu: kununua fleti au nyumba ndani ya mradi ulioidhinishwa, chini ya Sheria ya Kondominiamu ya 2010. Anayenunua katika miradi ya aina hiyo kwa dola 100,000 za Kimarekani au zaidi anaweza kuomba kibali cha ukaazi.

Maana yake ni kwamba ramani yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Ukivutiwa na kibanda chenye minazi mitatu kule Makunduchi, uliza kwanza kama sheria inakuruhusu kukigusa. Na kama wazee wako ni wa Unguja lakini wewe umechukua uraia wa nchi nyingine, kumbuka kwamba Tanzania haina uraia pacha. Kuwa na bibi anayeishi Kikwajuni, mjini Unguja, hakukupi haki ya Mzanzibari mbele ya Kamisheni ya Ardhi. Nimewaona watu wakilia kwa hili, na ni uchungu wa kweli, lakini ni bora kuupata mapema kuliko baada ya kulipa.

Lakini sisi Wakenya na Waganda ni Afrika Mashariki. Jumuiya haitusaidii?

Kwa ardhi, hapana. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, inaacha suala la ardhi lifuate sheria za kila nchi. Mkenya ataelewa haraka nikimkumbusha kwamba Katiba yao ya 2010 nayo haimpi asiye raia zaidi ya miaka 99.

Dalali ananiambia kuna kiwanja cha ufukweni, bei rahisi, sheha atasaini. Nifanyeje?

Mshukuru, uondoke. Sahihi ya sheha, yaani kiongozi wa shehia (mtaa au kijiji), ni ushahidi kwamba mauziano yanajulikana katika shehia yake. Haikufanyi mgeni uwe mmiliki.

Hata Mzanzibari akinunua kiwanja cha shamba ana ya kuangalia. Kuna mashamba ambayo ni eka tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi, na hizo zina masharti yake. Kuna ardhi ambayo minazi iliyo juu yake ni ya mtu mwingine kabisa, kwa sababu hapa mti na ardhi vimezoeleka kuwa na wenyewe tofauti. Kuna nyumba za mirathi ambazo ndugu mmoja anauza huku sita hawajui. Kuna nyumba za wakfu, ambazo haziuzwi. Kesi za namna hii ndizo zinazojaza Mahakama ya Ardhi.

Kwa nini kila nyumba ya pwani unayoulizwa, unajibu kwa kuuliza maji kupwa na kujaa?

Kwa sababu ya mama mmoja wa Nairobi. Alikuja na mumewe kuangalia nyumba upande wa Jambiani, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, mwezi mpevu. Walifika saa kumi jioni. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ngazi za baraza, rangi ya buluu kama kanga mpya, na mume akaniambia pale pale kwamba wamepata. Niliwaomba walale, tusisaini kitu. Kesho yake saa nne asubuhi mama alifungua mlango wa baraza akasimama kimya kidogo, kisha akaita: "Kaka, bahari imekwenda wapi?"

Ilikuwa imekwenda kwenye mwamba, zaidi ya kilomita moja. Mbele yake palikuwa na mchanga wenye vidimbwi, majani ya bahari, vigingi vilivyofungwa kamba, na kina mama wamejifunga kanga kiunoni wakivuna mwani na kuujaza kwenye magunia. Alishuka akaenda kuongea nao kwa saa nzima. Walinunua mwishowe, nyumba nyingine ya jirani, lakini walinunua wakijua kwamba kuogelea kwao ni kwa kalenda ya mwezi.

Kwa hiyo: pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje, Bwejuu, Jambiani na Makunduchi, ina mwamba mbali na ufukwe, na maji yakipwa bahari huondoka kweli kweli. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita nne. Siku hizo maji huwa yamejaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na yamepwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, na tofauti hupungua sana. Nungwi na Kendwa, kule ncha ya kaskazini, unaweza kuogelea karibu wakati wote. Kama kuogelea kila asubuhi ndicho unachokilipia, jibu lako liko kaskazini, na mengine ni maelezo.

Nina ombi moja kwa wanaonunua mashariki. Ule mwani una wenyewe. Mashamba yale ya baharini yameanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na yamesomesha watoto wengi wa Paje na Jambiani. Mnunuzi anayetaka "kusafishiwa" ufukwe mbele ya nyumba yake aende kwingine.

Basi niambie tofauti ya sehemu zenyewe.

Nitasema ninavyoziona mimi.

Fumba iko kusini ya mji, haiko mbali na uwanja wa ndege, na ndiko miradi mikubwa ya nyumba kwa wageni ilikoshika. Mitaa imepangwa, watoto wanaendesha baiskeli, na unaweza kufanya kazi mjini ukarudi mchana kula. Wanaotaka kuishi mwaka mzima, hasa wenye watoto, mimi huwapeleka Fumba kwanza. Lakini usidanganyike na neno "pwani". Bahari ya Fumba ni ya majabali, mikoko na machweo mazuri sana. Ukitaka mchanga mweupe wa kwenye picha, hapa si pake.

Paje ni ya vijana na ya upepo. Watu wa mataifa yote wanakuja kuteleza juu ya maji kwa tiara, na mikahawa haiishi. Usiku kuna muziki. Nyumba iliyo mita mia mbili kutoka baa moja na iliyo mita mia nane ni nyumba mbili tofauti kabisa, hata zikiwa na bei sawa. Jambiani, jirani yake, bado ni kijiji kwa sehemu kubwa: kuku, kisima, watoto wa madrasa asubuhi. Mimi napapenda zaidi, nasema wazi.

Nungwi ina bahari nzuri kuliko zote na msongamano kuliko zote. Mafundi wa majahazi bado wanagonga mbao ufukweni, na hoteli zimewabana pembeni. Kendwa ni tulivu mpaka mwezi mpevu ufike, ambapo kuna sherehe ya ufukweni inayojulikana dunia nzima. Hapo usitegemee usingizi. Matemwe ni kimya. Michamvi Kae ni mahali pa ajabu kidogo: iko mashariki lakini inatazama magharibi, kwenye ghuba ya Chwaka, kwa hiyo unaona jua likizama baharini. Ila njia ni moja, na ukisahau kununua vitunguu umesahau.

Mji Mkongwe una swali lake peke yake.

Nimependa nyumba ya zamani Mji Mkongwe. Je?

Moyo wangu uko huko, kwa hiyo nitajaribu kuwa mkali.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Kuta zinapumua. Akija fundi akazipiga saruji kwa nje ili zionekane safi, unyevu hukwama ndani, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, na huoni kitu mpaka siku dari inaposhuka. Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la 1883, lililokuwa fahari ya mji mzima, liliporomoka upande wake mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Kama jengo kama lile limeanguka, nyumba ya mfanyabiashara iliyokaa miaka bila kuangaliwa haiko salama kwa sababu tu ina mlango wa nakshi.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Hubadilishi dirisha, hutoboi ukuta, huongezi ghorofa bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nakuunga mkono ukinunua, kwa sharti kwamba unaipenda nyumba kwa namna ilivyo.

Na kuhusu mahali ndani ya mji wenyewe: mtaa kwa mtaa unatofautiana. Shangani na sehemu za Kenyatta Road ni watalii na maduka. Malindi iko karibu na bandari, ina kelele za marikiti ya samaki na harufu yake. Ukiingia ndani zaidi, kule ambako kina mzee wanakaa barazani na kahawa, kuna utulivu, lakini gari haifiki. Friji yako itabebwa kwa mkokoteni, na mgonjwa atabebwa na watu hadi barabarani. Pita usiku, uone taa. Pita mvua ikinyesha, uone maji yanakotiririkia.

Mtaa wa kawaida mjini, mbali na watalii, vipi?

Mbweni, Mazizini, Chukwani, Kiembesamaki: ni sehemu wanazoishi Wazanzibari wenye nafasi, karibu na uwanja wa ndege, daladala ya 505 inapita njia kuu. Kwa mgeni, kupanga huko mwaka mmoja kabla ya kununua popote pale ni uamuzi mzuri kuliko wote niliowahi kuona watu wakiufanya.

Nije mwezi gani kuangalia?

Aprili au Mei, katikati ya masika. Najua tiketi za likizo ni Desemba na Agosti. Hiyo ndiyo miezi ambayo kila nyumba inapendeza.

Masika utaona barabara ya vumbi iliyogeuka tope, paa linalovuja, na ukungu mweusi kwenye kona za chumba cha kulala. Utaona pia maji yanakokusanyika. Watu wa mjini wanakumbuka Mwanakwerekwe ilivyokuwa ikijaa, magari yamezama hadi milangoni, na Kibonde Mzungu ambako barabara ilikuwa haipitiki mpaka lilipojengwa daraja. Sikiliza hata majina. Mahali panapoitwa bonde, ziwa au dimbwi hapakupewa jina hilo na dalali; walipaita wazee waliopaona mvua ikinyesha.

Nyumba ielekee upande gani?

Fikiria pepo mbili. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Februari au Machi, miezi ya joto kali, na kusi hutawala Juni hadi Septemba. Katikati kuna wiki za shwari ambazo hakuna jani linalotikisika. Nyumba ya pwani ya mashariki hupata upepo karibu mwaka mzima, na pamoja nao chumvi: bawaba, nondo za madirisha na viyoyozi huliwa haraka. Upande wa magharibi, mjini na Fumba, hupata jua la jioni lote ukutani. Ukiangalia fleti, simama chumba cha kulala saa tisa mchana, zima kiyoyozi, fungua madirisha mawili yanayokabiliana. Kama hakuna dirisha la pili la kufungua, bili ya umeme ndiyo itakayokujibu.

Maji ya kisima ni mazuri?

Hili ni swali ambalo watu hulipita haraka, na ndilo linalowatesa wengi baadaye. Upande wa mashariki na kusini ya Unguja ardhi ni mawe, matumbawe ya kale yenye mapango na nyufa chini yake. Maji baridi hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi. Hoteli ikivuta sana, chumvi hupanda. Na kile kinachotoka kwenye shimo la choo cha jirani hakichujwi kama kwenye udongo. Kinapita kwenye nyufa na kufika kisimani.

Jaribio langu halina gharama. Naomba ndoo ya maji ya bombani na kipande cha sabuni ya mche. Nasugua mikono. Kwenye maji mazuri povu linajaa viganja mara moja. Kwenye maji ya chumvi sabuni inateleza, inabaki na utelezi mweupe, povu halishiki, na ukikauka ngozi inavuta. Kisha natazama kichwa cha bomba la kuogea: matundu yameziba kwa weupe mgumu? Kisha namuuliza jirani, si muuzaji, boza la maji, yaani lori la tangi, huja mara ngapi kwa wiki na shilingi ngapi. Mtaa unaoletewa maji kwa boza umeshakujibu. Penye bomba la ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, uliza yanatoka siku gani na saa ngapi, na kama tangi la juu linatosha siku ambazo hayatoki.

Maji ya kisima usiyanywe bila kuyapima.

Na umeme?

Unguja inapata umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Fumba. Tuliokuwepo hatusahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima gizani. Waya mpya mkubwa zaidi ulikuja 2013 na hali imekuwa tofauti sana, ingawa kukatika kwa saa kadhaa kupo. Jenereta ya pamoja au umeme wa jua ni jambo la kuuliza kwenye mradi, pamoja na nani anailipia mafuta.

Hospitali, skuli, uwanja wa ndege: umbali ni shida katika kisiwa kidogo?

Ni shida. Nungwi na Paje ziko kama kilomita 50 au zaidi kutoka mjini. Ukiwa na gari, saa moja na zaidi. Daladala ni mwendo wa kusimama kila kituo. Njia ya kwenda Paje inapita msitu wa Jozani, ambako kima punju huvuka barabara na lazima upunguze mwendo. Mchana ni safari nzuri. Usiku wa manane, na mtu ana maumivu ya kifua kiti cha nyuma, ni safari ndefu sana. Hospitali kubwa ziko mjini, Mnazi Mmoja na Lumumba. Ukiwa na miaka zaidi ya 60, au una shinikizo la damu, au una mtoto mchanga, nakuomba kwa dhati ununue ndani ya dakika thelathini kutoka mjini, na uende ufukweni Jumamosi.

Sisi si Waislamu. Tutaishi vizuri?

Mtaishi vizuri sana mkijua mlipo. Karibu kila mtu hapa ni Mwislamu. Adhana ya alfajiri itakufikia popote utakaponunua, kwa hiyo usinunue mita kumi kutoka msikitini halafu ukamlalamikie imamu. Ramadhani, hakuna kula wala kunywa njiani mchana, na mikahawa mingi ya mitaani hufungwa. Kijijini hutembei na nguo ya kuogelea. Makanisa yapo, Mkunazini na Minara Miwili, na watu wanaabudu kwa amani. Hayo yako mjini, kwa hiyo anayesali kila Jumapili akiwa Nungwi apange safari.

Ukifika mtaani, kajitambulishe kwa sheha, na piga hodi kwa majirani. "Shikamoo mzee, sisi ni wageni wenu" inafungua milango ambayo wakili hawezi kuifungua.

Nataka kuipangisha kwa watalii nisipokuwepo. Mahali gani?

Paje kwa wenye tiara, Nungwi na Kendwa kwa wenye kuogelea, Mji Mkongwe kwa wanaolala usiku mmoja au miwili kabla ya kwenda pwani. Fumba zaidi ni wapangaji wa miezi na miaka. Usihesabu mapato ya miezi yote kumi na miwili, maana Aprili na Mei hoteli nyingine hufunga kabisa.

Pemba?

Kijani, vilima, mikarafuu, watu wakarimu, na miradi ya nyumba kwa wageni ni michache mno. Nenda kutembea.

Nyumba bado iko kwenye ramani tu. Nachaguaje mahali pa kitu ambacho hakijajengwa?

Nenda usimame kwenye kiwanja. Uliza kiwanja cha mbele kati yako na bahari ni cha nani na kitajengwa ghorofa ngapi. Niliwahi kumsindikiza mteja aliyelipia "mtazamo wa bahari" ghorofa ya pili. Miaka miwili baadaye awamu iliyofuata ya mradi huo huo ilisimama mbele yake, na sasa anatazama matangi ya maji. Mkataba wake haukutaja bahari mahali popote. Uliza pia barabara ni ya lami mpaka mlangoni au mpaka lango la mradi, ada ya huduma ya kila mwezi ni kiasi gani, na awamu zilizotangulia zilikabidhiwa lini. Ongea na waliokwisha kuhamia. Wapo jioni, wanatembea na watoto, na watakuambia kila kitu.

Siwezi kuja mwenyewe. Nimtume nani?

Usimtume dalali, na usimtume binamu ambaye atapata chochote mauzo yakipita. Mtume mtu mmoja alale hapo usiku mbili, siku za bamvua, akupigie simu ya video saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi na saa nne usiku, bila wewe kumwambia anyamaze au aongee. Karatasi mpe wakili wako mwenyewe wa hapa Zanzibar, asiye wa muuzaji, azipeleke ZIPA na Kamisheni ya Ardhi kabla senti haijatoka. Na mwambie huyo uliyemtuma aingie na kipande cha sabuni ya mche mfukoni.